Kuchora Mmea Kama Ulivyo

Mchoro wa kibotania ni picha ya mmea iliyochorwa kwa usahihi kiasi kwamba mtaalamu wa mimea anaweza kuitambua spishi bila kusoma jina lililoandikwa chini yake. Kipimo hicho kinasikika chepesi, lakini ndicho kinachoutenga mchoro huu na picha nyingine zote za maua. Ua lililochongwa kwenye mlango wa Lamu au Unguja, ua lililochapwa kwenye kanga, na ua la mchoraji wa Tingatinga lililopakwa juu ya hadibodi, yote ni maua, na mara nyingi ni kazi za ustadi mkubwa. Lakini humo ua hulitii umbo la ubao, upana wa kitambaa na hamu ya fundi. Petali zikiwa sita au nane ni kadiri nafasi inavyoruhusu. Kwenye mchoro wa kibotania anayetii ni mchoraji. Mmea ukiwa na petali tano, mchoro una petali tano. Majani yakitoka shinani mawili mawili yakitazamana, ndivyo yatakavyochorwa, hata kama jani la pili linaharibu mpangilio wa picha.

Kuenea kwa kamera za simu hakujaiondoa kazi hii. Picha ya kamera hunasa mmea mmoja, siku moja, pamoja na jani lililotobolewa na mdudu na kivuli kinachoficha kikonyo. Ukiisogeza kamera karibu sana na ua dogo, sehemu ya mbele huwa kali na ya nyuma hufifia. Mchoraji anaweza kuweka kwenye karatasi moja tumba, ua lililochanua, tunda na mbegu, vitu ambavyo mmea wenyewe hutoa kwa kupishana kwa wiki au miezi. Anaweza kulipasua ua katikati na kuonyesha ovari ilivyogawanyika. Anaweza pia kuutenga mstari wa kijani juu ya kijani mahali ambapo kamera huona doa moja tu. Ndiyo maana majarida ya sayansi yanayotangaza spishi mpya bado huchapisha michoro ya wino iliyofanywa kwa mkono.

Ilikotoka sanaa hii

Mzizi wa sanaa hii ni tiba. Mganga anayetumia kitabu kutafuta dawa porini anahitaji picha isiyodanganya. Kitabu cha dawa cha Dioskoride, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, kilinakiliwa Constantinople yapata mwaka 512 kwa heshima ya Anicia Juliana, mwanamke wa ukoo wa kifalme. Nakala hiyo, ambayo leo imehifadhiwa Vienna, ina mamia ya picha za mimea, na nyingi kati yake zinaonyesha mchoraji aliyeufahamu mmea aliouchora. Baada ya hapo ukafuata muda mrefu wa kunakili nakala. Kila mnakili alimwiga mwenzake badala ya kwenda shambani. Majani yalipangwa sawasawa kama mapambo, mizizi ikapewa maumbo ya ajabu, na baada ya vizazi kadhaa picha nyingi hazikuwa na msaada wowote kwa mgonjwa.

Mabadiliko yalikuja Ujerumani na maeneo ya jirani katika karne ya 16. Mwaka 1530 Otto Brunfels alianza kuchapisha kitabu cha mimea kilichochorwa na Hans Weiditz, na Weiditz alichora kile kilichokuwa mbele yake, pamoja na majani yaliyonyauka na mabua yaliyovunjika. Miaka kumi na miwili baadaye, 1542, Leonhart Fuchs alitoa kitabu chake huko Basel akiwa na msimamo tofauti. Yeye hakutaka mmea fulani wenye kasoro zake. Alitaka mmea unaowakilisha aina yake yote. Kazi iligawanywa kwa mafundi watatu: Albrecht Meyer alichora kutoka kwenye mmea, Heinrich Füllmaurer akaihamishia michoro kwenye vibao, na Veit Rudolf Speckle akachonga. Fuchs aliwapa heshima ambayo mafundi wa zama zile walipata kwa nadra: sura zao zilichapwa ndani ya kitabu.

Njia hizo mbili, ya Weiditz na ya Fuchs, bado humkabili kila mwanafunzi. Je, achore tawi hili lenye jani lililokatika, au achore tawi jinsi linavyopaswa kuwa? Mchoro wa kisayansi wa leo umeegemea upande wa Fuchs, lakini anayejifunza anafaa kuanza na Weiditz. Hakuna anayeweza kujua kipi ni kasoro ya mmea mmoja na kipi ni tabia ya aina nzima kabla hajachora mimea mingi kama alivyoikuta. Anayekimbilia mmea kamili mapema huishia kuchora mmea wa kubuni.

Karne ya 18 ilimwingiza mchoraji ndani ya ua. Carl Linnaeus wa Sweden aliigawa mimea kwa kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, na pistili, yaani viungo vya kike, na mwaka 1736 Georg Dionysius Ehret alichora jedwali lililoonyesha mgawanyo huo kwa picha. Tangu hapo haikutosha kuonyesha ua kwa nje, ilibidi lifunguliwe. Kilele cha usahihi huo kinaonekana kwa ndugu wawili wa Austria, Franz na Ferdinand Bauer. Franz alifanya kazi miaka mingi katika bustani ya Kew, London. Ferdinand alisafiri na meli ya Investigator iliyoizunguka Australia kati ya 1801 na 1803, na kwa kuwa safarini hapakuwa na nafasi ya kupaka rangi kila ua, alichora kwa penseli na kuandika namba juu ya kila sehemu. Kila namba ilisimama badala ya rangi fulani katika mfumo wake wenye vivuli vya rangi vipatavyo 1,000. Miaka baadaye, akiwa Ulaya, alizisoma namba zake na kupaka rangi ambazo wataalamu wa leo bado huzistaajabia kwa ukweli wake.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alipata katika eneo la Usambara mmea mdogo wenye maua ya urujuani na majani yenye manyoya, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia ionantha, na kizazi chake sasa kinauzwa kwenye vyungu duniani kote. Wataalamu wengi wa leo wameuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus. Kwa mchoraji, jambo la maana zaidi ni lililofuata: wanasayansi walipotaka kuzitenganisha aina za mmea huo, moja ya alama kuu walizozitegemea ilikuwa manyoya ya jani, kama ni marefu na yamesimama au ni mafupi na yamelala. Mchoraji aliyelainisha jani kwa sababu manyoya yanachosha kuchora angekuwa amefuta ushahidi wenyewe.

Mchoraji wa maua ya ukanda huu anayefahamika zaidi ni Joy Adamson, ambaye wengi humkumbuka kwa simba Elsa na kitabu cha mwaka 1960 alichoandika kuhusu simba huyo. Kabla ya simba yalikuwepo maua. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na ni Bally aliyemtia moyo achore mimea waliyoikuta safarini. Alichora mamia ya picha, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu ya Grenfell. Kazi zake nyingi ziko Nairobi, mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Upande wa wino mweusi, kazi kubwa kuliko zote ni Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, orodha ya maelezo ya mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho 2012. Inaeleza zaidi ya spishi 12,000. Michoro yake haina rangi hata tone, nayo ni shule nzuri kwa mwanafunzi yeyote: tawi zima katikati, na kuzunguka tawi hilo ua lililofunguliwa, stameni moja, tunda lililokatwa na mbegu, kila kimoja na herufi yake.

Kuhesabu kabla ya kuchora

Kosa la kwanza la anayeanza halitoki mkononi, linatoka kichwani. Akili tayari ina picha ya jani: umbo la yai lenye mstari katikati na vimistari pembeni. Ina picha ya ua: duara na petali kulizunguka. Mtu huketi mbele ya mmea, akautupia jicho, kisha akachora kile alichokuwa nacho akilini tangu darasa la kwanza. Dawa yake ni kuuhoji mmea kabla ya kushika penseli, na maswali ya kwanza ni ya hesabu.

Choya ni mmea mzuri wa kujifunzia, kwa kuwa unapatikana kwa urahisi na sehemu zake ni kubwa. Watu wengi wanavijua vile vikombe vyekundu vinavyokaushwa na kutengenezwa juisi, lakini wachache wameutazama mmea wenyewe. Majani yake hutoka shinani moja moja kwa kupishana. Ya chini mara nyingi ni mazima, yenye umbo la yai. Yanavyopanda juu hugawanyika kuwa ndimi tatu au tano. Anayechora jani moja na kulirudia shina zima amekosea, na kosa hilo hutokea sana kwa sababu jani moja likishapatikana mkono hupenda kulirudia. Kingo zina meno madogo. Ukiligeuza jani, chini karibu na kikonyo, juu ya mshipa mkuu, kuna tezi ndogo inayotoa utomvu mtamu. Jambo hilo dogo hutambulisha mmea, na aliyeuona mara moja hausahau.

Kisha ua. Chini ya kikombe chekundu kuna vijani vyembamba vilivyopangwa duara, kwa kawaida kati ya 8 na 12. Kikombe kina ndimi tano. Petali ni tano, za njano hafifu, zenye doa la rangi ya damu ya mzee katikati, nazo zimepandana: kila moja imefunika ukingo mmoja wa jirani yake na kufunikwa ukingo wa pili. Wachoraji wengi wapya huzipanga petali kama kwamba moja iko juu ya zote na nyingine chini ya zote. Katikati, stameni nyingi zimeungana kuwa bomba, na ndani ya bomba hilo hupita stili, shingo ya pistili, inayogawanyika juu kuwa matawi matano. Tunda nalo lina vyumba vitano. Tano hiyo inajirudia kutoka kikombe hadi tunda, na mchoraji aliyeihesabu hawezi tena kuchora petali sita kwa bahati mbaya.

Mpangilio wa majani shinani unahitaji uangalifu uleule. Mkarafuu, mpera na mkahawa hutoa majani mawili mawili yanayotazamana. Choya na mwembe hutoa moja moja. Mwarobaini una mtego wa aina yake: kile kinachoonekana kama kitawi chenye majani mengi kwa kweli ni jani moja lililogawanyika kuwa vijani. Njia ya kuhakikisha ni kutafuta jicho, lile chipukizi dogo linalokaa kwenye pembe kati ya jani na shina. Panapoanzia jani zima jicho lipo. Panapoanzia kijani kidogo halipo. Ukaguzi huo huchukua sekunde chache, na mchoro usioupitia unaweza kuugeuza mwarobaini kuwa mti mwingine kabisa.

Vifaa vya kuangalia havina gharama kubwa. Kioo cha kukuzia mara kumi, wembe mpya, kibano na karatasi nyeupe ya kupangia vipande vya ua vinatosha kwa mimea mingi. Ua hupasuliwa kwa wima kutoka kwenye kikonyo, na ovari ya ua lingine hukatwa kwa upana ili vyumba vihesabike. Yanayoonekana huandikwa pembeni mwa karatasi pale pale. Kuna sababu ya haraka hiyo: ua la choya hufunguka asubuhi na kufikia jioni limekwisha. Ua la mbuyu hufunguka magharibi na kuanguka siku inayofuata, kwa hiyo anayelitaka hukesha nalo.

Kupima na kuchora mistari

Mchoro wa mwanzo hufanywa kwa ukubwa halisi wa mmea, maana hapo kipimo hakihitaji hesabu. Bikari yenye ncha mbili za sindano huwekwa kwenye jani, kisha huhamishwa ilivyo hadi kwenye karatasi. Hupimwa urefu wa jani, upana wake mahali lilipo pana zaidi, umbali wa mahali hapo kutoka kwenye kikonyo, na pingili kati ya jani moja na jingine. Penseli ya H au 2H iliyochongwa sana ndiyo inayofaa. Laini zaidi huchafua karatasi. Wengi huchora kwanza kwenye karatasi ya kawaida, wakarekebisha mpaka waridhike, halafu wakanakili mistari iliyo safi kwenye karatasi nzuri, kwa kuwa karatasi ya rangi ikisuguliwa na raba hupoteza uso wake na rangi hukaa kwa mabaka.

Shina na mishipa mikuu ya majani huchorwa kabla ya kingo. Mshipa mkuu ndio uti wa jani. Ukikaa sawa, kingo hufuata. Shida huanza jani linapomwelekea mchoraji. Jani la urefu wa sentimita kumi linaweza kuonekana kwa sentimita tatu tu, na akili hukataa kuliamini jicho. Hudai jani lirefushwe. Hapo bikari husimamishwa hewani mbele ya jicho, mkono ukiwa umenyooshwa, na kipimo kinachopatikana hufuatwa bila kubishana. Jani likijikunja na kuonyesha mgongo, mshipa mkuu huchorwa wote kwa mstari mwepesi, hata ile sehemu iliyofichika, ili utokee upande wa pili mahali pake. Mistari iliyofichika hufutwa baadaye. Mishipa ya pembeni nayo haigawanywi kwa kukisia. Inahesabiwa, inatazamwa kama inaanzia sehemu moja pande zote mbili au inapishana, na kama inafika ukingoni au inapinda na kuungana na mwenzake kabla ya kufika.

Ua la mviringo likitazamwa kutoka mbele ni duara. Likigeuka upande, duara hilo hubanwa. Kinachosahaulika sana ni kwamba kitovu cha ua lazima kikutane na kikonyo. Mchoraji huchora ua zuri, akachora kikonyo kizuri, na vikaungana vibaya, ua likaonekana limebandikwa kwa gundi. Mstari mmoja mwepesi unaopita katikati ya kikonyo, kikombe na bomba la stameni hadi mwisho wa stigma, ncha ya pistili, huondoa kasoro hiyo kabisa.

Kazi ya wino ina sheria zake. Mwanga huchukuliwa kuwa unatoka juu kushoto, desturi iliyozoeleka kiasi kwamba msomaji huitegemea bila kuambiwa. Kivuli hujengwa kwa nukta, zikisongamana kwenye giza na kutawanyika kwenye mwanga, au kwa mistari myembamba inayofuata mzunguko wa umbo. Sehemu za mbele hupewa mstari mzito kidogo kuliko za nyuma. Wino hausamehe, lakini kwenye karatasi ngumu kosa dogo linaweza kukwanguliwa kwa ncha ya wembe.

Rangi, na hasa kijani

Rangi za maji ndizo zilizotumika zaidi katika sanaa hii, kwa sababu ni angavu na hubeba undani mdogo kabisa. Karatasi inayotakiwa ni ile laini isiyo na mikwaruzo, nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ili isijikunje ikilowa. Brashi moja nzuri yenye ncha inayorudi ikiloweshwa inashinda seti ya kumi za bei rahisi. Rangi zenyewe hazihitaji kuwa nyingi: njano mbili, nyekundu mbili na bluu mbili, moja ya kila jozi ikielekea upande wa joto na nyingine upande wa baridi, hutoa karibu kila kinachotakiwa. Inafaa kuchagua zile zisizopauka kwa mwanga. Nyekundu ya alizarini, kwa mfano, ni nzuri mno siku ya kwanza lakini hufifia miaka ikipita.

Kijani ndicho kinachowashinda wengi. Kijani kilichochanganywa kiwandani mara nyingi huwa kikali kuliko jani lolote linaloota. Kijani cha kweli hutengenezwa kwa bluu na njano, kisha hutulizwa kwa nyekundu kidogo sana. Jani changa la mwembe huanza likiwa jekundu la kahawia kabla ya kuwa kijani. Jani la mpapai lina kijani kimoja juu na kingine, kilichopauka, chini. Jani linalong'aa kama la mkarafuu huakisi anga, na mahali linapoakisi huwa la samawati au jeupe kabisa. Weupe huo hauongezwi mwishoni kwa rangi nyeupe. Ni karatasi yenyewe, iliyoachwa wazi tangu mwanzo. Vipande vya karatasi vyenye michanganyiko mbalimbali vikiwekwa juu ya jani lenyewe, jicho huamua mara moja kipi kimekaribia. Anayeviandikia kila kimoja mchanganyiko wake na kuvihifadhi anajijengea, kidogo kidogo, kitu cha jamii ya namba za Ferdinand Bauer.

Upakaji huenda kwa tabaka nyepesi, kila moja ikiachwa ikauke. Tabaka za kwanza hupakwa kwenye karatasi iliyolowa ili rangi isambae bila ukingo. Za mwisho hupakwa kwa brashi karibu kavu, mstari juu ya mstari, ambapo mishipa, manyoya na madoa huonekana. Pwani, hasa wakati wa masika, tabaka hukawia kukauka na karatasi hunyonya unyevu hadi kuota ukungu, hivyo hutunzwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Ua jeupe kama asumini huchorwa kwa vivuli tu: kijivu hafifu kilichochanganywa kwa rangi tatu za msingi, kikielekea kijani karibu na majani na njano karibu na kitovu. Rangi nyeusi ya kopo huua ua jeupe, na mwanafunzi anafaa kuiacha kabisa mpaka ajue anaitakia nini.

Mwanga wa chumba huamua mengi. Jua likiingia moja kwa moja, vivuli huhama kila baada ya dakika chache na ua hunyauka. Kwa pwani ya Tanzania, dirisha linalotazama kusini hukaa kivulini kati ya Aprili na Agosti, wakati jua la mchana liko upande wa kaskazini. Kati ya Novemba na Januari lile la kaskazini ndilo salama. Mmea huchumwa asubuhi na kutiwa majini papo hapo. Rangi ya ua hunakiliwa kwanza, kisha umbo la ua, kisha majani, na shina mwisho, kwa kufuata utaratibu wa kile kinachokufa mapema.

Mchoro unaoweza kutumika

Mchoro uliokamilika unahitaji mambo machache ambayo si ya sanaa lakini huupa uhai mrefu. La kwanza ni mstari wa kipimo kando ya kila sehemu. Kuandika kwamba ua limekuzwa mara mbili huwa uongo pale mhariri anapoipunguza picha ili iingie kwenye ukurasa. Mstari wa kipimo hupungua pamoja na picha na kubaki wa kweli. La pili ni jina, mahali mmea ulipookotwa, tarehe na, kama linajulikana, jina la kienyeji na lugha yake. La tatu, ambalo wengi hulipuuza, ni kuhifadhi tawi lenyewe lililochorwa, likibanwa kati ya magazeti hadi likauke na kupewa namba ileile iliyoandikwa kwenye mchoro. Wataalamu wakibishana kuhusu spishi miaka mingi baadaye, tawi hilo ndilo shahidi. Rangi ya ua hupotea likikauka, kwa hiyo mchoro na tawi hukamilishana. Mmea adimu haung'olewi. Huchorwa pale ulipo.

Ukanda huu una mahali pa kupeleka kazi hiyo: hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi ilitokana na mkusanyo ulioanzishwa Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamishwa mwaka 1950. Nyingine ziko Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere. Kutembelea hebaria kunampa mwanafunzi jambo ambalo kitabu hakimpi: kuona tawi moja la spishi likiwa kando ya mengine kumi ya spishi hiyohiyo kutoka wilaya mbalimbali, na kujua ni tofauti zipi za kupuuza.

Spishi nyingi kati ya zile zaidi ya 12,000 zilizoelezwa kwenye Flora hazikupata mchoro humo, na michoro iliyopo haina rangi. Walimu wa bayolojia na wa sanaa wanaweza kuanza kuliziba pengo hilo wakikaa pamoja kwa muhula mmoja, wakimpa kila mwanafunzi mmea mmoja wa kijijini kwake, penseli iliyochongwa na wembe. Kazi hizo zitunzwe pamoja na matawi yake na majina yake ya kienyeji, na zilizo bora zifikishwe hebaria.